Niliahidi siku 21 kwa maji tu, lakini mapaja yangu yanaisha

BARUA

Jambo sana mama mshauri,

Naandika kutoka Bukavu, upande wa Kadutu. Nina miaka 36, bibi mmoja na watoto wanne. Kazi yangu ni useremala. Napasua mbao kwa msumeno wa mkono, napiga randa, na mara nyingi mimi mwenyewe ndiye napandisha mbao begani mpaka kwa mteja, kwa sababu kwenye milima yetu gari halifiki kila mlango. Nakwambia haya ujue kwamba nguvu za mwili wangu ndizo chakula cha nyumba.

Mwaka jana mtoto wetu wa pili aliugua sana, tukalala naye hospitalini wiki tatu. Usiku mmoja nikamwambia Mungu: huyu akipona, nitafunga siku 21 kwa maji tu. Akapona. Mwezi wa nane nikaanza kulipa nadhiri yangu, lakini nilikwama siku ya 10. Nilianza na kilo 76, nikamaliza na 68. Urefu wangu ni mita 1.74. Siku ya pili na ya tatu kichwa kiliniuma vibaya. Siku ya tano njaa ikaondoka kabisa, nikawa mwepesi, na sala ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Kuanzia siku ya saba nikiinuka naona kizunguzungu, na ngazi za kwenda nyumbani nazipanda kwa kupumzika mara tatu. Mdomo ulinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kazi sikuacha.

Siku ya kufungua, bibi yangu alinipikia kwa furaha: bugali ya muhogo sahani nzima, sombe, nyama, na sukre (soda) mbili baridi. Kesho yake moyo ulikuwa unadunda ovyo, mikono inatetemeka, miguu imevimba mpaka juu ya vifundo. Ilichukua karibu wiki kupungua. Kwa muganga wa hospitali sikwenda, niliona haya kusema nimeumizwa na chakula. Ndani ya wiki mbili nilirudisha kilo 5, lakini suruali ilikuwa inalegea mapajani na kubana tumboni, na msumeno ulinilemea mwezi mzima. Leo nina kilo 72.

Nadhiri bado inanidai. Ndugu wawili wa kikundi chetu cha waombezi wamekubali tuanze pamoja Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Mkubwa wetu wa sala anasema mwili ukifunga unajisafisha, na anayeishia njiani ameshindwa na tumbo. Mdogo wangu, anayenyanyua vyuma, anasema mwili unakula misuli tangu siku ya kwanza na mimi najiua. Kwenye WhatsApp nimepata ujumbe unaosema homoni ya ukuaji inapanda na misuli inalindwa, na kwamba Ulaya kuna mtu alikaa zaidi ya mwaka bila kula. Na bibi yangu, ambaye ananyonyesha mtoto wa miezi saba, anataka kunisindikiza siku tatu za kwanza.

Nimsikilize nani? Niende mpaka 21, nipunguze, au niombe kufunguliwa? Nikivunja neno langu nitamtazamaje huyu mtoto aliyepona?

Seremala wa Kadutu

JIBU

Baba mpendwa,

Asante kwa kuandika, na asante zaidi kwa tarakimu. Kilo, urefu, siku ya kizunguzungu, siku ya uvimbe: bila hizo ningekujibu kwa maneno ya jumla tu. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la mwili: siku 21 bila chakula zinafanya nini kwa mtu wa kilo 72 anayeishi kwa msumeno. La pili ni la neno ulilompa Mungu usiku ule hospitalini. La kwanza naweza kulieleza kwa kirefu. La pili ni lako, na nitakaa upande wako ukilitafakari, bila kulikata kwa niaba yako.

Tuanze na wanaokuvuta huku na huku, mdogo wako na ule ujumbe wa WhatsApp. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Baada ya chakula cha jioni, ini lako huweka akiba ya sukari iitwayo glikojeni, karibu gramu 100. Misuli nayo huweka yake, gramu 400 hivi, lakini hiyo haitoki nje: msuli hauna uwezo wa kurudisha sukari kwenye damu, unaitumia wenyewe tu. Ubongo peke yake unataka karibu gramu 120 za sukari kwa siku. Kwa hiyo ini linakaribia kuwa tupu baada ya siku moja hivi, na hapo mwili unajiuliza nani atalisha ubongo. Mafuta hayawezi kugeuzwa sukari, isipokuwa sehemu yake ndogo iitwayo gliseroli. Protini inaweza. Ndiyo maana siku za mwanzo mwili hubomoa karibu gramu 75 za protini kila siku, nyingi zikitoka kwenye misuli, na ini huzigeuza kuwa sukari. Msuli ni maji kwa sehemu kubwa, protini ni kama sehemu moja ya tano tu, kwa hiyo gramu 75 ni sawa na zaidi ya gramu 350 za nyama ya mwili wako kwa siku. Mdogo wako hakosei kuhusu siku hizo.

Anakosea kuhusu zinazofuata. Kama mwili ungeendelea kwa mwendo huo, mtu angekwisha haraka sana. Kuanzia siku ya pili na ya tatu ini huanza kutengeneza ketoni kutoka kwenye mafuta. Ile harufu ya ndizi mdomoni mwako ilikuwa asetoni, moja ya ketoni hizo, inayotoka na pumzi. Ubongo hujifunza kuzitumia polepole. Mwaka 1967, huko Boston nchini Marekani, madaktari Oliver Owen na George Cahill walipima damu inayoingia na kutoka kwenye ubongo wa watu waliofunga wiki tano hadi sita, wakakuta ketoni zinabeba sehemu kubwa ya mahitaji ya ubongo, karibu theluthi mbili. Sukari inayohitajika ikipungua, protini inayobomolewa hupungua pia, mpaka kama gramu 20 kwa siku. Njaa kukuondokea siku ya tano, na wepesi ule wa sala, vinaendana na mabadiliko haya. Nasema hivyo bila nia ya kukunyang'anya ulichokipata katika sala. Mwili ulikuwa na njia yake ya kukubeba humo.

Lakini tazama vizuri waliopimwa ni nani. Watu hao wa Boston walikuwa wanene sana. Yule mtu wa WhatsApp ni wa kweli: ni Angus Barbieri wa Scotland, aliyekaa siku 382 bila chakula mwaka 1965 na 1966. Ujumbe haukukuambia kwamba alianza na kilo 207, kwamba madaktari wa Dundee walikuwa wanampima damu mara kwa mara, na kwamba alipewa vitamini, potasiamu na chumvi. Alikuwa na ghala la mafuta la kutosha mwaka mzima. Wewe huna.

Aliye karibu nawe zaidi ni Agostino Levanzin, mtu wa Malta aliyefunga siku 31 kwa maji tu mwaka 1912 katika maabara ya Francis Benedict, hapo hapo Boston. Alianza na kilo 60 na kidogo, akapoteza zaidi ya kilo 13. Walipima nitrojeni katika mkojo wake, ambayo ndiyo alama ya protini iliyobomolewa, na wastani ulikuwa karibu gramu 9 kwa siku. Zidisha kwa 6.25 upate protini: gramu 56 kila siku. Yeye hakushuka mpaka zile gramu 20 za wanene. Mtu mwembamba hulipa kwa nyama yake zaidi, kwa sababu mafuta yake ni machache. Na Levanzin alikuwa amekaa maabara, hapasui mbao.

Sasa zile kilo 8 zako. Naweza kuzikadiria tu, lakini hesabu haitakuwa mbali na hii: kama kilo 3 zilikuwa maji na chumvi, maana kila gramu ya glikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji, na insulini, homoni inayopanda mtu akila wanga, ikishuka mafigo huachia chumvi nyingi. Kama kilo 2 zilikuwa mafuta. Na kama kilo 3 zilikuwa nyama, nyingi ya misuli, nyingine ya ini na utumbo, ambavyo navyo hupungua mtu asipokula. Kwa hiyo usidhani kila kilo iliyopotea ilikuwa paja. Mwaka 2024 watafiti wa London na Oslo walichapisha matokeo ya watu 12 waliofunga siku saba kwa maji. Walipoteza wastani wa kilo 5.7, mafuta na visivyo mafuta, na siku tatu tu baada ya kula, sehemu kubwa ya ile isiyo mafuta ilikuwa imerudi. Siku tatu hazijengi msuli. Kilichorudi haraka vile ni maji na glikojeni.

Kwako, mwezi mzima wa msumeno mzito unasema kulikuwa na hasara zaidi ya maji. Na suruali iliyolegea mapajani ikabana tumboni inasema kitu kinachojulikana. Katika jaribio la Minnesota la mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 kwa wiki 24. Walipoanza kula tena, mafuta yalirudi mbele na misuli ikaja nyuma. Msuli unarudi, lakini unataka protini ya kutosha kila siku, na unataka kazi inayopanda pole pole, kwa wiki kadhaa. Wewe ulirudi kwenye mbao nzito mara moja, ukila bugali zaidi kuliko samaki. Je, inawezekana kwamba sehemu ya mwezi ule mgumu ilitokana na namna ulivyofungua, kuliko zile siku 10 zenyewe?

Kuhusu homoni ya ukuaji, ni kweli hupanda mtu akifunga, na kweli husaidia kupunguza ubomoaji wa protini. Kupunguza ubomoaji na kujenga ni mambo mawili mbali. Wakati huo huo homoni nyingine ambayo kwa kawaida hufikisha amri ya kujenga msuli hushuka. Hakuna anayekuza misuli kwa maji matupu.

Na kazi. Mafuta na ketoni ni kama mkaa wa moto wa polepole: zinakutembeza na kukusimamisha kwenye sala. Kupasua mbao kwa nguvu au kupandisha mzigo kunataka moto mkali, yaani sukari iliyo ndani ya msuli, na wewe unayefunga huna cha kujaza ghala hilo likishatumika. Ongeza chumvi iliyopotea na shinikizo la damu lililoshuka, unapata ngazi zile za kupumzika mara tatu. Msumeno ukiteleza katika mkono unaotetemeka, hasara haitakuwa ya kilo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila njia nitakayotaja hapa chini ni hili: je, nyumba inaweza kuishi siku hizo bila wewe kupasua mbao?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo katika barua yako umelipita upesi, na ndilo lililonishtua kuliko yote: ile sahani ya bugali na sukre mbili.

Mtu akifunga siku nyingi, madini ya ndani ya seli, hasa fosfati, potasiamu na magnesi, hupungua, lakini damu inaweza kuonyesha kiasi cha kawaida. Akila wanga mwingi ghafla, insulini hupanda na kuyasukuma yote ndani ya seli kwa mkupuo. Damu inabaki bila fosfati, na bila fosfati moyo na misuli ya kupumua haina nishati. Vitamini B1, inayohitajika ili sukari iunguzwe, nayo huisha. Insulini hiyo hiyo huyaambia mafigo yashike chumvi, maji yanafuata, miguu inavimba. Bugali ya muhogo ni wanga karibu mtupu. Kwa tumbo la siku 10 ni chakula kibaya kuliko vyote vya kuanzia, na sukre juu yake ni petroli juu ya moto. Siwezi kukupima kwa barua, lakini moyo kudunda ovyo, kutetemeka na uvimbe siku moja baada ya kufungua ndivyo hali hiyo inavyoonekana. Watu hufa nayo, na hufa baada ya kuanza kula, wakati kila mtu anashangilia. Kwenda kwa muganga siku ile hakungekuwa aibu hata kidogo, baba. Na bibi yako hana kosa. Alipika kwa upendo bila kuambiwa na mtu.

Miongozo ya kitabibu iliyotolewa Uingereza mwaka 2006 inasema hivi. Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila chakula aanze na nusu au chini ya nusu ya mahitaji yake kwa siku mbili. Aliyepita siku 10 aanze na kilokalori 10 (kilokalori ni kipimo cha nguvu ya chakula) kwa kila kilo ya mwili. Aliyepita siku 15 aanze na 5 tu kwa kilo, huku mapigo ya moyo yakifuatiliwa bila kukatizwa. Wewe ukimaliza siku 21 unaweza kuwa na kilo 60 hivi. Tano mara 60 ni kilokalori 300: kama nusu lita ya maziwa, siku nzima, ukiwa kwenye kitanda cha hospitali. Mkubwa wenu wa sala amepanga siku 21 za kufunga. Siku za kufungua, je, amezipanga?

Kuhusu mama wa nyumba nitasema wazi, hapa sitazunguka: asifunge chakula, hata siku hizo tatu. Maziwa yanachukua sukari yake kila siku na kumwongezea mahitaji ya kilokalori kama 500. Mama anayenyonyesha akikaa na njaa, ketoni zinaweza kupanda kwake haraka mpaka damu ikawa na asidi, atapike, apumue kwa kasi, na ni hali ya kukimbizwa hospitali. Kama anataka kukusindikiza, anaweza kuamka nawe usiku, anaweza kuacha simu, na ale maharagi yake.

Turudi kwako. Naona njia nne, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kwenda siku 21 kwa maji tu. Kwa mwili wako, kwa hesabu ya Levanzin, hiyo ni zaidi ya kilo moja ya protini, yaani kilo 5 au 6 za nyama, juu ya mafuta na maji. Kama ndiyo njia utakayoichagua, isianze bila daktari kukupima shinikizo, sukari, mafigo na potasiamu, na fosfati kama maabara inaipima. Isiwe kavu: maji yasipungue lita 2 kwa siku. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kikigawanywa katika maji ya siku kinapunguza kizunguzungu na kile kichwa cha siku ya pili. Kama una shinikizo la kupanda, muulize daktari kwanza. Useremala usimame. Na kitanda cha kufungulia kijulikane kabla ya kuanza.

Unaweza kupunguza siku, kwa mfano tatu tatu, na kula vizuri wiki kati yake mpaka zifike 21. Hatari ya kufungua ni ndogo sana hapo. Gharama yake ni kwamba siku tatu za mwanzo ndizo mwili unabomoa protini kwa kasi, na wewe utazirudia mara saba. Ukipita wiki hizo za kati bila protini ya kutosha, utajikuta unashuka ngazi kidogo kidogo.

Njia ya tatu ni maji yenye utamu, juisi ya nanasi au ya maracuja. Katika miaka ya 1940 James Gamble alionyesha kwamba gramu 100 tu za sukari kwa siku, yaani vijiko vikubwa 7 au 8, hupunguza ubomoaji wa protini karibu nusu. Hiyo si ndogo. Lakini ketoni hazipandi sana, kwa hiyo njaa huenda isikuondokee kama mwaka jana, na juisi haina protini wala B1 ya kutosha kwa wiki tatu.

Ya nne ni kufunga mchana kutwa siku zote 21 na kula mara moja jioni. Ini linajazwa kila usiku, misuli inaguswa kidogo sana, na kazi nyepesi inawezekana. Kwa kilo zako lenga gramu 90 hivi za protini katika mlo huo. Gramu 100 za sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zilizokauka zinakupa karibu 60, maharagi yaliyopimwa gramu 100 yakiwa makavu yanakupa 21, mayai mawili 12. Bugali iwe ndogo, sombe na lenga-lenga kadiri upendavyo, na vikombe vya maji viendelee hadi kulala.

Najua utasema: hiyo ya nne si nilichoahidi. Labda. Ila wewe ni mtu wa Maandiko, basi niruhusu nikuulize namba 21 ilitoka wapi. Waombezi wengi huitoa kwa Danieli, sura ya 10, majuma matatu. Ukiisoma tena utaona kwamba Danieli aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Haisemi kwamba aliacha kula. Esta ndiye aliyefunga bila kula wala kunywa, na zilikuwa siku tatu. Sisemi nadhiri yako ya maji ilikuwa kosa. Ilitoka kwa baba aliyekuwa anakaribia kumzika mtoto. Nakuuliza tu: usiku ule ulimpa Mungu nini hasa? Hesabu ya siku? Maji? Au kujinyima kwako, ambako kunaweza kuvaa vazi lingine? Na zile siku 10 ulizokwisha kufunga, nani amekuambia hazikuhesabiwa? Maswali haya yapeleke kwa mchungaji wako akiwa peke yake, pamoja na tarakimu ulizonipa mimi. Huenda akawa mpole kuliko unavyoogopa.

Wale ndugu wawili pia wana miili yao. Kama kati yao yupo mwenye sukari, shinikizo, kidonda cha tumbo, au anayemeza dawa za kila siku, hawezi kwenda nawe hatua kwa hatua, na kunyamaza ili asionekane dhaifu kunaweza kumgharimu maisha. Kubalianeni mapema kwamba yeyote atakayezirai, atakayetapika maji, atakayechanganyikiwa, ambaye moyo wake utaruka mapigo, au atakayekosa mkojo nusu siku, hafanyiwi kikao cha sala kwanza. Anapelekwa kituo cha afya. Homa ni vilevile. Malaria haingoji mfungo uishe, inashusha sukari ya damu, na kinini inaishusha zaidi; mtu asiye na akiba kwenye ini anaweza kuzimia hapo hapo. Kwako binafsi ningeweka pia mstari wa kilo: ukifika 65, umepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wako, na huo ni wakati wa kuzungumza na daktari hata kama unajisikia mwepesi.

Mwisho wa mfungo wowote uliopita siku tano, mpe mama wa nyumba karatasi hii kabla hajawasha moto. Siku ya kwanza baada ya siku 10, mtu wa kilo 68 anahitaji kilokalori 680 tu: nusu lita ya maziwa, uji wa gramu 50 za unga, yai moja, nusu ya parachichi, vikigawanywa mara tano au sita. Kidonge cha vitamini B1 kimezwe kabla ya kijiko cha kwanza na kiendelee siku 10; kipimo akupe muuguzi. Kisha ongeza kidogo kila siku, samaki na maharagi kwanza, bugali polepole, mpaka ufikie sahani yako ya kawaida kati ya siku ya nne na ya saba. Sukre zingoje wiki ya pili. Msumeno urudi baada ya randa, na mzigo wa mlimani urudi baada ya msumeno.

Zimebaki siku kadhaa kabla ya Jumatatu hiyo. Anza leo daftari dogo: uzito wa asubuhi baada ya kukojoa, kamba kuzunguka paja sentimita 15 juu ya goti, na ngazi za nyumbani unazipanda kwa kupumzika mara ngapi. Nenda nalo kwa daktari na kwa mchungaji, wote wawili. Kisha niandikie umeamua nini, njia yoyote utakayochukua, na uniambie mtoto anaendeleaje.